Kwa Mnaoanza Kusoma Sanamu za Kibuddha za Longmen

Wengi wanaoanza kujifunza sanamu za Kibuddha zilizochongwa mapangoni hukimbilia ishara za mikono: mkono ulioinuliwa huondoa hofu, mikono iliyopakatwa mapajani ni ya taamuli, na kadhalika. Ishara hizo zina nafasi yake na hazichukui muda mrefu kukariri. Ushauri wangu, kutokana na miaka niliyozisoma sanamu za Longmen karibu na mji wa Luoyang nchini China, ni kwamba muanze na jabali lenyewe, kwa sababu mchongaji wa pangoni hawezi kurudisha alichokwisha kukibandua, na aina ya jiwe ndiyo inayoamua mengi kabla hajashika patasi.

Watawala wa nasaba ya Wei ya Kaskazini, kabla ya kuhamishia makao yao makuu Luoyang mwaka 494, walikuwa wamechonga Yungang, karibu na Datong ya leo, ambako mtawa Tanyao alianza kazi kiasi cha mwaka 460. Jiwe la Yungang ni la mchanga, huchongeka kwa wepesi na huliwa na upepo na maji kwa wepesi vilevile. Longmen ni jabali la chokaa, gumu, lenye chembe ndogo. Huchelewesha kazi, lakini mstari mwembamba ukishakatwa hudumu.

Mapango ya Binyang, hapo Longmen, yanaonyesha gharama ya ugumu huo. Mwaka 500 Mfalme Xuanwu aliamuru yachongwe mawili kwa ajili ya marehemu wazazi wake, na baadaye likaongezwa la tatu. Historia rasmi ya nasaba hiyo inaeleza kwamba awali kilele cha pango kilipangwa kiwe chi 310 kutoka ardhini (chi ni kipimo kinachokaribia futi), lakini kufikia mwaka 505 watu walikuwa bado wanakata mlima, ndipo ofisa wa ikulu aitwaye Wang Zhi akaomba kazi ishushwe hadi chi 100. Kufikia mwaka 523 zilihesabiwa kazi 802,366, ambazo kwa kawaida husomwa kuwa siku za kazi, na bado ni pango la kati tu lililokuwa limekamilika. Sanamu za pango la kusini zilimaliziwa enzi ya nasaba ya Tang, kwa ufadhili wa mwana wa mfalme Li Tai aliyemkumbuka mama yake kwa maandishi ya mwaka 641. Kwa hiyo mkiingia humo msichukue umri wa pango kuwa ndio umri wa sanamu: maua ya dari ni ya Wei, ilhali Buddha aliyeketi chini yake ana uso mnene na mabega mazito ya karne ya 7.

Jambo la pili ni maandishi. Longmen ina takriban maandishi 2,800 yaliyochongwa, na mengi ya yale ya mwanzo yamo katika pango la Guyang, ambalo kuta zake zimejaa zidaka (matundu ya ukutani ya kuwekea sanamu) vidogo kwa vikubwa, vilivyopangana kama zidaka vya nyumba za mawe za Lamu. Kando ya kidaka mara nyingi husomeka jina la mfadhili, tarehe, na aliyeombewa. Ni hazina kubwa, lakini isomwe kwa makini. Kuhusu Buddha Vairocana wa hekalu la Fengxian, hapo hapo Longmen, mwenye urefu wa mita 17.14, watu hupenda kusimulia kwamba uso wake ni wa Wu Zetian, malkia wa Mfalme Gaozong wa Tang. Maandishi yaliyo kwenye kitako chake yanasema kwamba aliyeanzisha kazi ni Mfalme Gaozong, kwamba Malkia Wu alichangia mafungu 20,000 ya sarafu kutoka fedha zake za vipodozi mwaka 672, na kwamba kazi ilikamilika mwaka 675. Hayasemi lolote juu ya sura ya malkia. Tena maandishi hayo yalichongwa mwaka 722, miongo kadhaa baadaye, na hilo nalo liandikwe kila yanapotajwa.

Mwisho, hesabuni kilichoondolewa. Ukuta wa mbele wa pango la kati la Binyang, pande zote mbili za mlango, ulikuwa na misafara ya mfalme na malkia wakienda kutoa sadaka. Ilibanduliwa vipande vipande miaka ya 1930; wa mfalme sasa uko Metropolitan Museum, New York, na wa malkia uko katika jumba la makumbusho la Nelson-Atkins, Kansas City. Yote miwili iliunganishwa upya, na mapengo yakazibwa. Kabla hamjaandika neno lolote kuhusu mkono wa mchongaji katika misafara hiyo, chukueni picha kubwa ya kila mmoja na mtie alama kwenye kila kiungo mnachokiona, kisha mlinganishe na picha zilizopigwa pangoni kabla ya wizi, ili mkunjo wa vazi uliotengenezwa na fundi wa karne ya 20 usije ukasifiwa kuwa wa karne ya 6.