Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mtungi wa Gesi Hutoka Jasho?

SWALI: Nachoma maandazi kwa jiko la gesi lenye kichomeo kikubwa na mtungi wa kilo 6. Baada ya muda mtungi hulowa maji kwa nje, upande wa chini, na moto hufifia. Nikizima nikangoja, moto hurudi. Je, nimeuziwa gesi yenye maji? (Mama lishe, Arusha)

JIBU: La, mama. Maji hayo ni unyevu wa hewani uliokutana na chuma baridi. Kinachofaa kuulizwa ni kwa nini chuma kimepoa.

Ndani ya mtungi mna kimiminika, mchanganyiko wa propani na butani, na juu yake mvuke. Mvuke ndio unaokwenda jikoni. Chembe za kimiminika hazina kasi moja. Zenye kasi kubwa ndizo zinazoponyoka, na zinazobaki nyuma ni za polepole. Chembe zikipungua kasi, kitu kimepoa. Kila kilo moja inayogeuka mvuke humeza kilojuli 350 hivi, joto ambalo likiondolewa kwenye lita 5 za maji huyapoza kwa nyuzi 17. Hulitoa kwenye kimiminika chenyewe, chuma na hewa ya jirani. Mtungi mdogo hauwahi kurudishiwa joto hilo kwa kasi inayotakiwa na kichomeo kikubwa, hivyo chembe zinazoponyoka hupungua, shinikizo hushuka na moto hulegea.

Mtungi ukikaribia kwisha, na asubuhi ikiwa ya baridi, hali huwa mbaya zaidi. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu kabisa na sifuri. Propani hutangulia kutoka, kinachobaki kikawa butani zaidi, nayo ni mvivu kwenye baridi.

Tumia mtungi mkubwa, au miwili kwa zamu. Uache wazi hewa izunguke. Kuufunika gunia ni kuuzidishia shida. Usiupashe kwa mkaa wala maji ya moto. Usiulaze pia: kimiminika kitaingia kwenye mpira, na kwa kuwa kikigeuka mvuke huchukua nafasi mara 250 hivi, moto utaruka. Jasho lenyewe lina faida, kwa sababu linaishia pale kimiminika kilipofika. Ukitaka uhakika, weka mtungi kwenye mizani, kisha toa uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa juu yake.

SWALI: Kama joto husaidia, mbona tunakatazwa kuweka mitungi juani? (Muuza gesi, Mombasa)

JIBU: Gesi peke yake ikifungiwa chomboni na kupashwa kutoka nyuzi 20 hadi 50 huongeza shinikizo kwa asilimia 10 tu, kwa kuwa chembe ni zilezile, zinagonga kuta kwa nguvu zaidi. Kwenye mtungi wako mna kimiminika pia, na joto hilohilo hurusha chembe mpya kuingia kwenye mvuke. Kwa propani shinikizo hufika karibu mara mbili. Isitoshe, kutoka nyuzi 15 hadi 50 kimiminika chenyewe huvimba kwa zaidi ya asilimia 10. Ndiyo maana mtungi haujazwi pomoni. Huachiwa takriban moja ya tano ya nafasi. Anayejaza kupita kiwango ndiye wa kuogopwa kuliko jua.

SWALI: Mabati yangu hulia "pa! pa!" jioni. Chembe zake huvimba na kusinyaa?

JIBU: Chembe hazivimbi. Katika chuma kila moja hutetemeka mahali pake. Joto likipanda mtetemo huwa mpana na chembe husogeana mbali kidogo. Bati la mita 3 likipanda nyuzi 40 hurefuka milimita 1.4 hivi. Likipoa hurudi, lakini misumari hulizuia mpaka lichomoke ghafla. Mlio ni huo.

SWALI: Chupa ya maji ilipasuka kwenye friza. Si baridi husinyaza vitu?

JIBU: Maji ni mkaidi. Husinyaa hadi nyuzi 4, kisha huanza kutanuka, na yakiganda molekuli hujipanga kwa kuacha nafasi wazi katikati. Ujazo huongezeka kwa asilimia 9 hivi. Tumia chupa ya plastiki na uache angalau sehemu moja ya kumi tupu. Ya kioo usiiweke kabisa: shingo huweza kuganda kwanza, na barafu inayofuata chini ikakosa pa kwenda.