Njia ya Mteremko Ipo, Lakini Ufunguo Uko kwa Nani?

Mwezi wa Oktoba mwaka jana nilimpeleka mama yangu, ambaye hutumia kiti cha magurudumu tangu alipopatwa na kiharusi, kwenda kumtazama mjukuu wake akicheza mpira wa kikapu katika kituo kimoja cha michezo cha vijana hapa Kampala. Sitakitaja kituo hicho, kwa sababu niliyoyakuta pale nimeyakuta na kwingine, na kwa sababu meneja wake baadaye alinisikiliza kwa uungwana. Siku mbili kabla ya mechi nilikuwa nimepiga simu kuuliza kama wana njia ya watu wenye ulemavu, nikajibiwa, "Ipo, karibuni sana." Jibu lilikuwa la kweli. Njia ilikuwepo, ya zege, pana, yenye vyuma vya kushikilia pande zote mbili, ila ilianzia kwenye lango la nyuma, na lango hilo lilikuwa limepigwa kufuli.

"Afande, tufungulie huku tafadhali, mama hawezi ngazi."

"Ssebo, amri ni wageni wote wapite lango kuu, wakaguliwe."

"Tumeshakaguliwa."

"Basi ufunguo anao mtu wa stoo, na Jumamosi huwa haji."

Vijana wanne walimbeba mama na kiti chake, ngazi kumi na moja, huku yeye ameshikilia kitambaa chake cha kichwa kwa mkono ule mmoja wenye nguvu na kusema polepole, "Msiniangushe, wanangu." Hawakumwangusha. Lakini mama ni mtu aliyezoea kuingia mahali kwa miguu yake na kusalimiwa, na alipowekwa chini hakusema neno hadi mapumziko.

Tangu siku hiyo siulizi tena kama njia ipo. Nauliza ufunguo uko kwa nani, mtu huyo huwa kazini siku zipi na saa ngapi, na nani ana mamlaka ya kumwamuru afungue. Nimegundua kwamba katika viwanja vya vijana kikwazo mara nyingi si jengo bali kanuni iliyowekwa kwa sababu nyingine kabisa. Lango la nyuma hufungwa ili watu wasiingie bila kulipa, au ili waendesha bodaboda wasigeuze uwanja kuwa njia ya mkato, na aliyelifunga hakuwa amemfikiria mama yangu hata kidogo. Ndiyo maana kugombana na mlinzi hakusaidii. Mlinzi hana ufunguo, hana ruhusa, na akivunja amri kwa huruma huenda Jumatatu akakosa kazi. Msalimie vizuri, kwa Kiswahili akikipenda (wengi wao wamekipata jeshini na hufurahi kukisikia), kisha mwombe akuitie mkubwa wake.

Hata mimi niliwahi kujaribu kumsomea mlinzi sheria pale langoni. Nilimtajia Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 1995, inayotambua haki na utu wa watu wenye ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020. Alinisikiliza kwa adabu kubwa, akanijibu kwamba hayo yote ni mazuri, ila ufunguo hana. Mahali pa sheria ni kwenye barua kwa meneja, iandikwe wiki moja kabla, ifupishwe, iombe jambo moja linalotekelezeka: lango la nyuma lifunguliwe siku ya mechi kuanzia saa fulani hadi saa fulani. Katika barua yangu nilimkumbusha pia kwamba wanaohitaji njia hiyo si watazamaji peke yao. Husnah Kukundakwe aliiwakilisha Uganda katika kuogelea kwenye michezo ya Paralimpiki ya Tokyo akiwa na umri wa miaka 14, na mtoto kama yeye huanzia katika kituo cha mtaani, si katika uwanja wa taifa. Nilijibiwa siku ya tatu. Uichapishe barua hiyo pamoja na jibu lake, uende nayo mkononi, maana ujumbe wa simu langoni hauna uzito wa karatasi yenye muhuri.

Ukiweza, fika siku moja kabla ukiwa na tepu ya fundi seremala. Watu hunicheka, lakini tepu hiyo imeniokoa mara nyingi. Mteremko unaofaa hupanda sentimita moja kwa kila sentimita kumi na mbili za urefu, maana yake kizingiti cha nusu mita kinahitaji njia ya mita sita. Nimeona mahali ambapo kimo hicho kimepandishwa kwa mita mbili tu, na kijana mwenye nguvu akisukuma kiti analazimika kukimbia ili asirudi nyuma. Pima pia mlango wa choo. Kiti cha mama kina upana wa sentimita 66. Mlango wa choo kimoja kilichobandikwa alama ya watu wenye ulemavu nilikuta una sentimita 64, na juu ya hayo ulifungukia ndani, kwa hiyo hata mwenye kiti chembamba angeingia asiweze kuufunga. Ndani mlikuwa na mifagio, koni za mazoezi na wavu wa goli uliokunjwa. Choo kisichopitika hugeuka stoo upesi sana.

Kanuni ya kutoingiza chakula inahitaji maandalizi yake. Mama ana kisukari na hudungwa insulini, na sukari ikishuka ghafla huanza kutetemeka na kutoka jasho, hivyo lazima apate kitu kitamu papo hapo, si baada ya kupanga foleni kantini. Siku hizi nabeba barua fupi ya daktari, sharubati katika chupa ya plastiki badala ya glasi, na biskuti ambazo hazijafunguliwa. Tangu nianze kufanya hivyo sijazuiwa hata mara moja.

Ziko kanuni ambazo sitakusaidia kuzipinga. Ukikatazwa kuingia chumba cha kubadilishia nguo au kupiga picha watoto wasio wako, tii. Zinawalinda na wa kwako pia. Hata ile inayowaweka wazazi mbali na mstari wa uwanja naiunga mkono, maana nimewahi kumsikia baba mmoja akimfundisha mwamuzi kazi kwa dakika arobaini mfululizo. Omba tu nafasi ya kiti cha magurudumu iwe pembeni, mahali ambapo watu wakisimama kushangilia mgeni wako hatazibwa. Alasiri omba upande wa magharibi, jua liwe mgongoni, na uulize pa kujificha mvua ikija, kwa sababu murramu ya Kampala ikilowa magurudumu huzama.

Kuna jambo moja nililojifunza kwa kuchelewa. Mara ya pili tulipokwenda, lango la nyuma lilikuwa wazi, mama akaingia mwenyewe, akakaa karibu na benchi la timu, akashangilia mpaka sauti ikakauka. Mechi iliingia muda wa nyongeza, tukatoka saa kumi na mbili na nusu, na tulipofika kwenye mteremko tukakuta kufuli limerudi. Walinzi wa mchana walikuwa wamekabidhi zamu saa kumi na mbili, ufunguo wakauacha ofisini, na ofisi imefungwa. Katika barua yako, kwa hiyo, andika saa ya kuingia na saa ya kutoka, kisha omba jina la mlinzi wa zamu ya usiku.