Re: Mipira inakimbilia kushoto kwenye uwanja wa gofu wa milimani

Salaam mkuu. Umesema kwenye uwanja wa tambarare unapiga sawa, ila huu wa vilima mipira inakwenda kushoto na haifiki grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera. Hukutaja mkono, nachukulia unatumia mkono wa kulia.

Kabla ya kugusa mkao wako, angalia mpira uko juu au chini ya nyayo. Mpira ukiwa juu, uso wa fimbo (sehemu inayogonga mpira) unaelekea kushoto wenyewe, hata ukipiga vizuri kabisa. Shika mpini chini kidogo, sentimita 2 au 3, simama wima zaidi, kisha lenga kulia ya bendera. Fimbo fupi zenye uso uliolala ndizo zinazopotosha zaidi, kwa hiyo fimbo namba 9, iliyo fupi, ilengee kulia zaidi kuliko namba 5, iliyo ndefu. Mpira ukiwa chini ya nyayo, geuza: kunja magoti, lenga kushoto.

Kutofika ni suala jingine. Grini ikiwa juu yako mita 10, hesabu kama mita 10 zaidi. Badala ya fimbo namba 7 chukua 6, inayofika mbali zaidi. Na mabega yafuate mteremko, usipigane nao.

Kwenye tii (mahali pa kupigia mpira wa kwanza) iliyo juu, ile mandhari ya bonde inayofanya watu watoe simu, hapo ndipo upepo unadanganya. Ulipo pametulia, lakini mpira unakaa hewani muda mrefu na kupeperushwa. Tazama vilele vya miti ya mbali, si majani unayorusha miguuni kupima upepo.