Kona ya Midoli: Shingo inalala, uso unavuja wino, na mama mkwe hataki kuiona sebuleni

Jamani mwezi huu maswali yamejaa, mengi yanatoka kwa watu waliogeuza kona ya chumba au baraza kuwa stoo ya vitambaa, waya na gundi. Nimechagua machache. Ambaye swali lake halipo asinune, zamu yake inakuja.

Shikamoo dada. Nashona midoli ya kitambaa nyumbani nauza kwa oda. Nikimaliza tu inakaa vizuri, baada ya wiki kichwa kimelala begani. Na mingine mishono inafumuka wakati najaza pamba. Nifanyeje? – Mama wa Tabata

Marahaba mdogo wangu. Ngoja nikuulize, umejaza kichwa na tumbo kwa pamba ya mito halafu shingoni ukasukumia kidogo tu ili mradi isiwe tupu, eti? Maana karibu kila mdoli unaolala shingo ukiufungua unakuta hivyo hivyo, watu tunamaliza hela kwenye shanga na lesi za nje, huku ndani tunajaza haraka haraka ili tufike kwenye nguo. Shingo ndiyo nyembamba kuliko sehemu zote na ndiyo inabeba mzigo, kwa hiyo iwe ngumu hasa, ukiibinya kwa vidole isibonyee. Chukua pamba vipande vidogo vidogo, siyo bonge, sukuma kwa kijiti cha mshikaki ulichokata ncha, anza kichwa, njoo shingo, halafu ndo ushuke kifuani. Ukitumia sufi ya kienyeji badala ya pamba ya dukani ni sawa kabisa, ila funga mdomo na pua kwa kitambaa maana zile nyuzi zinaruka hadi kwenye chai ya jirani.

Kama kichwa ni kikubwa, na midoli ya sanaa wengi tunapenda vichwa vikubwa, basi pamba peke yake haitoshi hata ujaze vipi. Weka kipande cha mwanzi au fito iliyopigwa msasa, kianzie katikati ya kichwa kipite shingoni kishuke mpaka karibu na kiuno, ncha zote mbili uzizungushie kitambaa ufunge na uzi zisije zikatoboa. Waya laini wa kufungia nondo, ule unaopimiwa kwa kilo duka la hadiwea, nao unafaa, kunja mara mbili usokote, na ukipitisha mpaka mikononi mdoli unaweza kukunja kiwiko ukakaa hivyo hivyo. Lakini sikiliza, waya na vijiti ni kwa mdoli wa kabatini tu. Wa mtoto kuchezea usiweke kitu chochote kigumu ndani, wewe fanya shingo fupi na nene, yaishe.

Sasa mishono. Nahisi unakata kwanza ndo unashona, geuza hiyo. Kunja kitambaa chako cha marekani mara mbili, chora patani, shona juu ya mstari, ndipo ukate nje yake ukiacha kama nusu sentimita. Stichi za cherehani punguza ziwe milimita 1.5 mpaka 2, ile ya 3 au 4 ya kushonea gauni pamba inaichungulia. Shingoni, kwapani na kwenye maungio ya miguu pitisha mshono mara mbili, kisha kwenye kona tia vimkato vidogo kukaribia uzi bila kuugusa, la sivyo ukigeuza panapata makunyanzi na ukilazimisha panachanika. Na mwili ukate kufuata urefu wa jora, maana kitambaa kinavutika zaidi kwenye upana, ukikosea hapo utajaza na kujaza na mdoli unazidi kurefuka.

Nachora uso kwa peni lakini wino unasambaa. Halafu marekani ni nyeupe, ngozi ya kahawia naipataje bila kununua rangi za bei? – Msomaji, Morogoro

Peni weka pembeni. Chukua gundi nyeupe ya mbao, ilegeze na maji, paka uso mzima tabaka jembamba, iache ikauke kabisa. Hapo kitambaa hakinywi tena, chora kwa penseli kwa mkono mwepesi kisha fuata na rangi ya akriliki kwa brashi nyembamba. Macho yasikae juu kwenye paji, yaweke nusu ya kichwa, na ukiyashusha chini ya nusu uso unakuwa wa mtoto. Wengi tunayaweka juu kwa sababu tunasahau kwamba na sehemu ya nywele ni kichwa.

Ngozi pika chai ya rangi nzito, nzito hasa, ongeza kahawa kama unataka iive zaidi. Kitambaa fua kwanza kutoa wanga wa kiwandani, kizamishe kikiwa kimelowa, kigeuze geuze kisipate madoa. Kikikauka kitapauka kidogo kwa hiyo kitoe kikiwa kimezidi unavyotaka, na uchovye cha midoli yote kwa mara moja maana chungu cha pili hakitoki sawa na cha kwanza. Ukitaka weusi wa kweli chai haikufikishi, nenda wanakouza vitambaa vya sare za shule, kahawia nzuri zipo pale.

Natengeneza vichwa kwa magazeti na uji wa unga wa ngano. Masika hii vyote vimeota ukungu, vingine vimeliwa na mende. – Fundi wa Tanga

Pole sana, ila uji ni chakula bwana, mende wamefuata karamu. Kwa pwani yetu kuanzia Machi mpaka Mei hewa yenyewe ina maji, kitu chenye unga hakiwezi kupona kama hakijakauka mpaka moyoni. Mimi ningehamia kwenye gundi ya mbao, nusu gundi nusu maji, vipande vya gazeti uvichane kwa mkono, usikate kwa mkasi, kingo zilizochanika zinashikana bila kuacha mstari. Bandika tabaka mbili au tatu, acha zikauke, ongeza nyingine. Wanaobandika kumi kwa mpigo ndo wanaoota ukungu, nje pakavu ndani uji. Usianike juani moja kwa moja, jua linakausha ganda la nje kichwa kinapinda wakati ndani bado kuna maji, weka kivulini penye upepo au mbele ya feni. Kujua kama kimekauka kiguse na shavu lako, kikiwa cha baridi maji bado yamo.

Na kama bajeti inakubana lazima utumie uji, tia matone ya mafuta ya karafuu, yanasaidia kuzuia ukungu na wewe Tanga huwezi kukosa hayo, Pemba iko hapo mbele yako. Rangi na vanishi vije mwisho kabisa, na lile tundu la shingo nalo ulipake ndani, kila mtu analisahau. Vilivyoota tayari tupa, usijaribu kupaka rangi juu, ukungu unarudi na unanuka sebuleni kwa mteja.

Natamani kuchanganya mambo, karatasi, kitambaa, rangi, lakini vifaa vya sanaa ni ghali mno. Nianzie wapi? – Mwanafunzi, Nakuru

Anza na jikoni kwenu. Unamjua Rosemary Karuga? Mkenya mwenzako, alizaliwa 1928, akasoma sanaa Makerere miaka ya 50, kisha akawa mwalimu. Miaka ya 80 akiwa mtu mzima kabisa, hana hela ya rangi, akaanza kuchana paketi za unga na makaratasi ya sabuni, akabandika kipande kwa kipande mpaka vinatokea kuku, watu, shamba. 1990 kazi zake zikaonyeshwa Harlem, New York. Amefariki 2021. Cha kuangalia kwake siyo umaskini wa vifaa, ni jinsi alivyozipanga hizo paketi kwa rangi, yaani nyekundu ya sabuni hii siyo nyekundu ya unga ule na yeye alijua tofauti. Kwa hiyo kusanya kabla ya kununua. Mifuko ya unga, paketi za majani ya chai, vipande vya vitenge kutoka kwa fundi wa mtaani (mwombe tu, anavitupa), vifungo vya mitumba, halafu tenga kwa rangi kwenye maboksi ya viatu. Hela yako kidogo weka kwenye gundi nzuri na mkasi mkali. Usinunue pambo lolote mpaka ujue linakwenda wapi.

Asalaam alaikum. Mama mkwe wangu hataki kuona midoli yenye nyuso ndani ya nyumba, anasema malaika hawaingii. Mimi ndio biashara yangu. – Mama Watatu, Mombasa

Waalaikum salaam dadangu. Mimi si shekhe na hapa si mahali pa fatwa. Hadithi ya Bibi Aisha kuchezea wanasesere ni mashuhuri na wanazuoni wengi wanaitegemea kwa vitu vya watoto, lakini ya mapambo wana maneno tofauti, muulize shekhe mnayemwamini nyote wawili, maana ukileta jawabu la shekhe wako peke yako vita haviishi.

Upande wa ufundi nikwambie kitu, jaribu mdoli usio na uso. Siyo kwa kumridhisha mama tu, ni kazi ngumu na nzuri, kwa sababu ukikosa macho na mdomo unalazimika kuongea kwa mkao, kichwa kiiname kiasi gani, mkono umeshika kiuno au umeshika mtungi, leso (kanga) imefungwa kifuani au imetupwa begani. Mtu akiuona aseme huyu amechoka, huyu ana jeuri. Wapo wanunuzi Waislamu wanaotafuta hiyo hasa. Na mama mwenyewe mwombe leso zake kuukuu, za pamba zilizofuliwa sana hazina mfano kwa nguo za midoli, akiona leso yake imevalishwa vizuri pengine atalainika. Wale wenye nyuso waweke kwenye boksi lenye kifuniko mpaka siku ya kupeleka.

Natoka Kisarawe, bibi yangu alikuwa na mwanahiti. Nataka nitengeneze wa kitambaa niwauzie watalii. Kuna ubaya? – Mjukuu

Swali zuri kuliko yote haya. Kwa wasioujua, mwanahiti ni wa Wazaramo na majirani zao kina Wakwere, unachongwa kwa mti, mwili ni mche wa duara usio na mikono wala miguu, matiti madogo, kitovu, na kichwa chenye nywele zilizopanda pande mbili. Mwali aliyewekwa ndani alipewa, akauogesha, akaupaka mafuta, akautunza kana kwamba ni mtoto wake. Umbo hilo hilo lilichongwa kwenye fimbo, viti na hata nguzo za makaburi, kwa hiyo ni zaidi ya kitu cha kuchezea, na sasa mingi iko kwenye makumbusho za Ulaya.

Ubaya sioni, ila nenda kwanza kwa wazee wako, kwa somo au kungwi aliyebaki, uliza nini kinasemwa hadharani na nini ni cha ndani. Cha ndani kibaki ndani, usikiandike kwenye kikaratasi cha bei. Halafu usiuuze kwa jina la "mwanahiti wa asili", sema umeongozwa na mwanahiti wa kwenu. Na kwa maoni yangu ukiuwekea mikono, miguu na tabasamu umeshapotea, utakuwa mdoli mwingine wowote wa sokoni. Nguvu yake ni ile kunyamaza kwa umbo. Bakiza mche, bakiza nywele mbili, uchezee kwenye ngozi yake, kitambaa cha kaniki, ushanga mmoja kiunoni, kipande cha mti halisi kwa kichwa kama unapata mchongaji.

Naishi Leicester, nataka kuuza midoli yangu kwenye maonyesho ya kanisani na onlaini. Rafiki kaniambia niandike "si ya kuchezea" basi nimemaliza. Kweli? – Binti wa Kigoma

Hujamaliza. Huko Uingereza, na Ulaya pia, kitu cha kuchezea cha mtoto chini ya miaka 14 lazima kipimwe usalama na kiwe na alama yake. Na wanaangalia kitu chenyewe, siyo maneno yako tu. Mdoli laini wa kukumbatia unahesabiwa ni wa mtoto chini ya miaka 3 hata uandike nini, na hapo vifungo na shanga za kubanduka ni marufuku kwa sababu vinakaba koo. Mdoli wa mapambo una njia yake, unaandikwa wazi kwamba ni wa wakusanyaji wa miaka 14 na zaidi, lakini na umbo likubaliane, uwe na waya, kisimamio, nguo zilizoshonewa moja kwa moja, na picha zako za Instagram zisionyeshe mtoto ameukumbatia. Chagua mojawapo tangu unakata kitambaa.

Nywele za rasta nikizibandika kwa bunduki ya gundi zinayeyuka. – Dada wa Ubungo

Ni plastiki hizo mpenzi, joto linazimaliza. Zishone kwa mkono, fungu kwa fungu, kuanzia kisogoni kupanda juu, au tumia uzi wa kufumia. Ukisuka rasta za mdoli chovya ncha tu kwenye maji ya moto zisifumuke, kama wanavyofanya saluni, na ufanye hivyo kabla hujazishonea kichwani maana maji yakiingia kwenye pamba tunarudi kwa yule fundi wa Tanga.