Jibu: Je, Candida auris ilisambaa kutoka sehemu moja?

Ndugu, umeuliza kama kusoma jenomu nzima (DNA yote ya kiumbe) kunaweza kuonyesha Candida auris, fangasi anayeambukiza watu, ilianzia wapi. Chimbuko lenyewe bado halijajulikana, ila mengine yanaonekana wazi. Fangasi huyu alielezwa Japani mwaka 2009. Sampuli za Asia Kusini, Asia Mashariki, Afrika na Amerika Kusini zilipolinganishwa, zilijigawa katika koo nne, yaani makundi manne ya kinasaba. Kati ya ukoo na ukoo, herufi za DNA zinazotofautiana ni makumi ya maelfu. Ndani ya ukoo mmoja ni chache mno. Kwa hiyo hakusambazwa juzi kutoka nchi moja, bali aliibuka sehemu kadhaa karibu wakati mmoja, jambo linalonishangaza hadi leo. Chunguza pia jeni ya ERG11: mabadiliko yanayoifanya flukonazoli, dawa ya fangasi, ishindwe hayafanani katika koo zote.