Nauli ya wote kumi na wanane

Swali la wiki iliyopita liliuliza: "Je, uko tayari kuweka dau juu ya jambo unaloliamini?"

Dau la pesa, hapana. Mimi ni Muislamu wa Lamu, kamari ni haramu na siigusi hata ya shilingi kumi. Lakini swali lenyewe nalithamini sana, kwa sababu niliwahi kuulizwa nikiwa gatini.

Mashua yetu hubeba abiria na mizigo kwenda Pate. Njia ya mkato ni Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na wakati huo haukupitika ila maji yakijaa. Siku hiyo mwezi ulikuwa na siku tisa: maji mafu, hayajai sana, na sisi tumesheheni. Nikasema kwa sauti ili abiria wasikie, "Maji yatatosha, hakika!"

Ami yangu, ndiye nahodha, akaniinamia sikioni. "Tukikwama, utamrudishia mmoja nauli yake kutoka mfukoni mwako?"

"Naam, ami."

"Na wote kumi na wanane?"

Nikanyamaza. "Hakika" yangu ilikuwa na thamani ya nauli moja, labda mbili. Wala hiyo si kamari. Abiria asiyefikishwa ana haki ya pesa zake.

Baadaye nilisoma kwamba mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, aliliandika jambo hilihili mwaka 1781: mtu hunena kwa ujasiri, ila ukimtaka aweke dau, dukati moja, sarafu ya dhahabu ya zama hizo, ataitoa, kumi zitamshinda.

Dau la hadharani silitegemei. Mwaka 1980, Wamarekani wawili, mwanauchumi Julian Simon na mwanabiolojia Paul Ehrlich, waliwekeana dau la miaka kumi juu ya bei za metali tano. Ehrlich alisema zitapanda. Ukiondoa mfumuko wa bei, zilishuka, naye akalipa dola 576.07. Pesa alitoa, msimamo wake hakuuacha. Mbele za watu mtu hulinda uso wake. Ndiyo maana nashukuru ami alininong'oneza. Angeniuliza kwa sauti, ningeapa maji yanatosha.

Tuliteremsha mifuko sita ya saruji, tukangoja maji yajae kabisa. Katikati ya Mkanda mkuku ulikwangua mchanga mara mbili, tukapita.