Masta ya jinsia, sheria na maendeleo: nenda na swali lako mkononi

Wadogo zangu wa kitivo cha sheria hapa Lubumbashi wakijua nimesoma masta hii, neno la kwanza ni hili: "Yaya (yaani mkubwa wetu), ufadhili wanatoa wapi?" Nami nawauliza: unataka kujua nini? Hapo ndipo kimya kinaingia. Mwishoni mtu anasema anataka kuwatetea wanawake wa Kongo. Vizuri, lakini barua za maombi zimejaa maneno hayohayo, na anayezisoma ameshayachoka.

Ushauri wangu ni mmoja: tafuta swali kwanza, chuo baadaye. Na swali litoke mahali unapoishi. Wengi wetu tukisikia "jinsia na sheria" akili inakimbilia ubakaji wa vitani, huko Kivu, mashariki mwa nchi. Ni jambo zito, lakini wanawake wa kule wamehojiwa na watafiti mpaka wamechoka, na wewe wa Katuba, hapa mjini, utaingia na daftari kuongeza nini? Hapa kwetu kuna lupango, kiwanja cha nyumba.

Mume akifa, ndugu zake wanakuja na matanga yao, na kabla maua hayajakauka kaburini wanauliza hati ya lupango iko wapi. Sheria yetu ya familia ya 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi, wa kike sawa na wa kiume. Robo inayobaki wanagawana mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. (Kabla ya hapo kuna kutenganisha mali ya mke mwenyewe na ya marehemu, msiruke hatua hiyo kama wanavyoiruka mashemeji.) Sasa vuka mpaka pale Kasumbalesa. Zambia, tangu 1989, mtu akifa bila wosia watoto wanapata asilimia 50, mwenzi wa ndoa 20, wazazi 20, wategemezi wengine 10, na kumnyang'anya mjane mali yake ni kosa la jinai. Wabemba wako pande zote mbili za mpaka. Mjane wa Kasumbalesa na binamu yake wa Chililabombwe, upande wa Zambia, wana mila moja na sheria mbili. Nani kati yao anabaki nyumbani kwake, na kwa sababu gani? Hilo ni swali. Ukiliandika hivyo kwenye barua, msomaji atakaa wima.

Kisha nenda mahakama ya amani, tripaix kama tunavyosema. Kesi nyingi zinasikilizwa hadharani. Vaa heshima, zima simu, kaa nyuma. Nilimwona mama mmoja akimwaga mbele ya hakimu vyote vilivyokuwa ndani ya sasheti, mfuko wake wa plastiki: kadi za ubatizo za watoto, fakitire (bili) za umeme, picha za siku ya mahari. Cheti cha ndoa hakikuwamo. Mahari ilitolewa, familia zote mbili zilikula na kunywa, lakini komini, ofisi ya serikali ya mtaa, hawakwenda kuandikisha, na ndoa isiyoandikishwa ni shida kuisimamisha mbele ya watu wengine. Profesa anaweza kukufundisha muhula mzima kuhusu mgongano wa mila na sheria ya Leta, yaani serikali. Sasheti ile ilinifundisha kwa asubuhi moja.

Ukishakuwa na swali, kuchagua chuo ni rahisi. Swali la hukumu na vifungu linataka kitivo cha sheria. Kama ni la pesa, ardhi na kazi za wanawake, nenda masomo ya maendeleo, ila ujue watakudai takwimu. Chuo Kikuu cha Zimbabwe, Harare, kina masta ya sheria ya wanawake inayopokea wanafunzi wa ukanda wetu, na wao husisitiza kutoka darasani kwenda kuwasikiliza watu. Si lazima Ulaya, jamani.

Kiingereza hukikwepi. Usingoje kozi iishe. Chukua hukumu moja ya urithi ya Zambia uisome na kamusi pembeni. Sheria unaijua tayari, lugha itafuata.

Nyumbani watasema masomo haya ni ya kuvunja ndoa, au ya kushona kitenge cha tarehe 8 Machi, siku ya wanawake. Msibishane sana. Waambieni tu kwamba kifungu cha 444 cha sheria ya familia bado kinasema mume ndiye mkuu wa nyumba, ila tangu 2016 si mke peke yake anayeomba ruhusa: mume na mke wote wawili wanatakiwa kukubaliana kuhusu mikataba inayowafunga. Baba yangu mdogo aliposikia hilo aliniomba nimsomee kifungu chenyewe. Sasa ananitumia watu wenye kesi za lupango, na hawalipi.